Mashahidi Saba wa Mwalimu Isidore

Jumatano ile ilianza vizuri. Mvula ya asubuhi ilikatika mapema, jua likatoka, na miye nilikuwa kwenye meza yangu hapa sokoni Nyawera, napima maharagi na mukebe, nabishana na mama mumoja wa kijiji cha Miti aliyetaka nimuongezee kiganja cha bure. Ilikuwa mwaka wa 1975. Maharagi yalikuwa masafi, watu walikuwa wengi, sikuwa na wazo lolote baya. Ndipo nikamuona Monique, mudogo wangu, anakuja katikati ya watu bila kitambaa. Bibi ya mwalimu, mutu wa kukaa Muhumba kwenye nyumba ya Wazungu, kichwa wazi sokoni! Nikajua kuna neno.

"Yaya Adolphine," akaninongoneza, "tangu jana bamekuwa sita."

Hao sita nitawaambia ni nani. Lakini kwanza nieleze mume wake, maana bila kumujua huyo mutu mutafikiri nawatungia uongo.

Isidore alikuwa anafundisha historia kwenye shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Diplome alikuwa nayo. Akili, miye sijapata kuiona. Wakati serikali iliposema kila mutu aache majina ya Kizungu, yeye alisimama wa kwanza kwenye mukutano akalitupa la kwake, watu wakapiga makofi. Lakini nyumbani ukimuita kwa lile jina jipya, haitiki. Kuku alikuwa anawafukuza kwa Kifaransa. Akija kwetu anakaa kwenye ukingo wa kiti, suruali ya abacost, suti ya chama, ameivuta juu, eti isishike uchafu wa wakwe. Mudogo wangu alimupenda, basi, nifanye nini? Nilimusalimia, nikamupa chakula, nikanyamaza.

Mama yetu, Cibalonza, alikuwa anakaa Nyantende, kwenye mulima alikozaliwa. Nyumba kumi na tatu ziko pale juu, watu wanalima mihogo na maharagi, mababu zao walipewa ardhi na mwami, mufalme wetu, kwa ng'ombe, kama desturi yetu inavyotaka: unatoa kalinzi, shamba linakuwa la watoto wako. Ng'ombe hana karatasi. Hapo ndipo Isidore alipoona mulango. Alitaka mulima wote, apande kinkina, auze maganda yake kwa watu wa dawa. Alisema watu wa zile nyumba kumi na tatu watahama. Mama peke yake angebakia, na kibanda chake, "kwa heshima ya ukwe". Mama aliposikia alisema tu, "Nibakie na nani? Na migomba?"

Sasa babu yake Isidore, Rwizibuka, alikuwa kapita wa barabara wakati wa Bulamatari, serikali ya Wabelgiji. Kapita, yaani yule anayeshika fimbo na kuhesabu watu. Siku moja Isidore akatokea na karatasi ya zamani, ya mwaka wa 1931, yenye kusema kwamba Wazungu na wazee wa mulima walimupa Rwizibuka mulima muzima kwa ajili ya kazi yake nzuri. Chini yake kulikuwa majina ya mashahidi saba, na kila mumoja amepiga musalaba pembeni ya jina lake. Isidore alitembea nayo muji muzima ndani ya bahasha. Watu wengine walisema ni ya kweli, wengine wakasema ni ya uongo, na yeye aliwajibu wote kwa kuwacheka. Eti wasiosoma hawawezi kubishana na document.

Lakini Monique aliona ile document inazaliwa. Mume wake alipasua ukurasa mweupe nyuma ya kitabu kikubwa cha Wazungu, akapiga maneno na mashini ya kuandikia iliyobakia ndani ya ile nyumba, akaiogesha karatasi ndani ya chai kali, akaianika juu ya mbabula ya makaa mpaka ikakunjana. Misalaba aliipiga mwenyewe, miwili kwa mukono wa kuume, miwili kwa wa kushoto, ingine kwa kufunga macho. Alikuwa anajicheka mwenyewe kwa furaha. Mutu muzima!

Na yale majina saba? Alienda kuyachuma kwa mukwe wake. Alimupelekea mama chumvi na sukari, akakaa chini, safari hii bila kuvuta suruali, akasema, "Maman, ninataka kuandika historia ya bazee betu, isipotee." Mama yangu alifurahi mpaka akalia. Akamupa majina ya watu saba wa mulima waliopelekwa kwenye kazi ya barabara na hawakurudi. Hakuna aliyewaona tena. Bulamatari ilisema walitoroka. Wa saba alikuwa Namegabe, baba ya mama mwenyewe. Alienda mama akiwa mutoto wa kubebwa mugongoni.

"Lakini ushike hii," mama akamuambia. "Mutu kama hakuzikwa, jina yake haiitwi ndani ya nyumba. Ukimuita ndani, umemupa mulango."

Isidore aliandika na hilo, akapiga mustari chini yake. Watu wasio na kaburi, wasio na mutu wa kuwaulizia. Kwake walikuwa mashahidi wazuri kabisa. Alisahau kwamba waliwahi kuwa watu.

Kesi ilipangwa siku ya Alhamisi, kwenye baraza ya juji kule Nyantende. Desturi ya baraza yetu ni kwamba mwenye karatasi anaita mashahidi mbele ya watu, kila jina mara tatu. Shahidi akiwa amekufa, mutoto wake ndiye anajibu. Kwa hiyo Isidore, wiki moja kabla, alianza kujizoeza. Saa kumi, akitoka shule, anasimama katikati ya salon, chumba cha wageni, anamukalisha Monique kwenye kiti eti yeye ndiye juji, anaita majina kama anavyoita wanafunzi asubuhi. Ndani ya nyumba. Kwa sauti ya mwalimu.

Alhamisi ya kwanza aliita Bisimwa mara tatu. Kwenye koridori mutu akakohoa, akasema, "Niko."

Isidore alifikiri ni jirani anamutania. Akatoka kuangalia. Hakuna mutu. Ijumaa akajibu wa pili. Jumamosi wa tatu. Kila siku mumoja anaongezeka, na wale wa kwanza wanajibu tena, kwa mupango, kama darasa lenye adabu. Jumanne wakawa sita.

"Na yeye anasema nini?" nikamuuliza Monique.

"Anasema ni humidité, unyevu wa ukuta."

Nilifunga gunia langu. Yule mama wa Miti nilimuachia kiganja chake cha bure, tukaondoka.

Tulifika Muhumba mvula imeanza tena. Saa tisa na nusu, mwanga wa kutosha, ziwa unaliona vizuri kupitia dirisha. Niliingia salon nikasimama. Viti vya meza ya kulia vilikuwa vimetolewa pale mezani, vimepangwa kwenye ukuta, saba. Sita vilikuwa vimelowa. Si maji ya mvula. Udongo mwekundu, mubichi, na katikati ya kila kiti umekandamizwa, kama pale mutu anapokuwa amekaa muda murefu. Harufu ilikuwa ya shimo lililochimbwa leo.

"Nani amepanga hivi viti?" nikauliza.

Monique akatikisa kichwa. Si yeye.

Isidore akaingia na bahasha yake kwapani. Macho mekundu, ndevu hajanyoa, lakini kiburi kilikuwa pahali pake. Akanisalimia kwa Kifaransa. Miye nikamujibu kwa Mashi, lugha yetu, ili tuelewane vizuri.

"Shemeji," nikasema, "unaona viti hivi?"

"Nyumba ya zamani, inavuta maji. Mutu akisoma kidogo anaelewa."

"Na ile sauti?"

Akasema neno ambalo sijalisahau mpaka leo. "Mashahidi bakijibu, si njo vizuri? Kesho juji atasikia mwenyewe."

Yaani alikuwa anajua! Alikuwa anajua vizuri kabisa ni nani wanakaa kwenye viti vyake, na bado alihesabu faida. Nimeona wezi wengi hapa Nyawera. Mwizi ukimupigia kelele anakimbia. Huyu alitaka wafu wamusaidie kubeba.

Akafungua karatasi. Akaanza kuita. Bisimwa. Niko. Lwaboshi. Niko. Sauti zilikuwa za chini, zimekauka, zinatoka pale ukutani. Monique alinishika mukono mpaka kucha zikaingia. Akaita wa tatu, wa nne. Wa tano. Wa sita. Wote wakaitika.

"Isidore, huyu wa saba umuache," nikamuambia. "Ni babu yangu. Mama alikukataza."

Hakuniangalia.

"Namegabe!"

Mvula ilikuwa inapiga bati.

"Namegabe!"

Mulango wa nyuma ukafunguka taratibu. Hakuna mutu. Kisha chini, kwenye sakafu ya sima, nyayo. Moja. Ingine. Miguu mitupu, vidole vimetanuka, udongo mwekundu. Zilipita karibu yangu. Zikafika kwenye kiti cha saba.

"Namegabe!"

Kiti kikalia.

"Niko," sauti ikasema, karibu na sikio langu. Kisha, taratibu, kama mutu aliyechoka kungoja: "Tutasema lini?"

Viatu vyangu viko kule mpaka leo. Nilimushika Monique na watoto wake wawili tukatoka vile vile, ndani ya mvula. Nilipogeuka kwenye geti nilimuona Isidore kupitia dirisha. Amesimama katikati ya salon na karatasi yake. Anawaambia viti saba, "Kesho. Saa nne."

Alhamisi baraza ilijaa. Watu wa nyumba kumi na tatu walikuja wote, na watoto mugongoni, maana walijua wakishindwa hawana pa kulala. Mama alikaa chini, mbele kabisa, miguu ameinyoosha. Juji alikuwa Télesphore, muzee mumoja mwenye uvumilivu, na karani wake Aloys, kijana wa mission, mwenye kusoma bila kigugumizi. Isidore alikuja na abacost mupya na beji ya chama kifuani.

Mama akanyoosha mukono. "Juji, hao batu saba hawakuona hiyo karatasi. Siku zile balikuwa bamekwisha kupotea."

"Citoyen juji," Isidore akasema, "huyu mama hajui hata tarehe ya kuzaliwa kwake. Miye niko mutu wa historia. Hii karatasi ni ya kweli, na kama kuna mutu anaweza kuonyesha uongo ndani yake, asimame."

"Unaapa?" Télesphore akamuuliza.

"Naapa."

"Kwa kila neno iko mule?"

"Kila neno!"

Akamupa Aloys bahasha, isomwe kwanza kabla ya kuita mashahidi. Ilikuwa imefungwa, aliifungua mbele yetu. Karatasi ilikuwa ile ile, rangi ya chai, misalaba saba chini. Aloys akaanza kusoma. Akarudia mustari wa kwanza kwa macho. Akamuangalia juji. Juji akamuambia aendelee, na kijana yule akasoma kwa sauti ndogo hivi kwamba watu waliacha kupumua ili wasikie.

"Sisi saba wa mulima huu tumeitwa ndani ya nyumba kushuhudia. Tunashuhudia. Mulima haukupewa mutu. Rwizibuka, kapita, alitutia chini ya mwamba asubuhi. Tulimuambia mwamba unalia. Alisema ni uvivu. Mwamba ulishuka. Tulikuwa wazima siku mbili. Tuliita. Rwizibuka alisikia. Aliandika ndani ya kitabu kwamba tumetoroka, akaendesha barabara pembeni. Tuko chini ya jiwe kubwa, kwenye barabara ya kuteremuka Uvira, pale kijito kinapoikata, mukono wa kushoto. Mwenye kutuita atakuja kututoa."

Mama yangu aliweka kiganja kwenye mudomo.

Hapo ndipo Isidore aliruka kutoka kwenye benchi yake. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Ni uongo!" akapiga kelele. "Hiyo karatasi ni ya uongo! Sikuandika hivyo!"

"Hukuandika hivyo?" Télesphore akauliza pole pole. "Kwani njo weye uliandika?"

"Miye njo niliandika! Na mashini, kule Muhumba! Misalaba ni yangu! Bibi yangu aliniona!"

"Lakini umeapa ni ya kweli. Kila neno."

Isidore akamutazama Aloys, akamutazama Monique, akatafuta kati ya watu wote mutu mumoja wa kumuamini kwamba yeye ni mwongo. Watu wa mulima walimutazama tu. Bibi mumoja mzee akatema mate pembeni. Juji akasema mulima unabakia kwa wenyewe, na Jumamosi wote wataenda kwenye barabara na majembe, mwalimu akiwa wa mbele.

Jiwe lilikuwepo. Pale kijito kinapoikata barabara, mukono wa kushoto. Wanaume kumi na wawili na vyuma walilisukuma tangu saa mbili mpaka saa sita, likateremuka kwenye korongo, tukalisikia likivunja miti mpaka chini. Isidore alichimba kama wengine. Mikono ya chaki ilitoka malengelenge haraka.

Walikuwa saba. Wamekaa, bega kwa bega, mugongo kwenye mwamba, magoti juu. Mama aliteremuka ndani ya shimo mwenyewe, mwanamuke wa karibu miaka hamsini, akapita mufupa kwa mufupa mpaka kwa wa mwisho, mwenye bangili ya shaba. Akakaa pembeni yake. "Baba," akasema, "nimekuwa mukubwa." Kila mutu alilia. Hata miye, na miye si mutu wa kulia ovyo.

Lakini kati ya wa tatu na wa nne kulikuwa nafasi. Upana wa mutu mumoja. Udongo wake haukuwa mugumu kama mwingine. Ulikuwa laini, umelegezwa, kama shamba linalongoja mbegu. Hakuna aliyeugusa. Tuliona wote pamoja, na wote pamoja tukageuka kumutazama Isidore.

Aliangusha jembe. Akapanda juu, akaenda na barabara bila kuaga.

Saba tuliwazika mulimani, kila mumoja na jina lake, na mama akayaita yote kwa sauti, nje, chini ya jua. Baada ya siku ile alilala usingizi. Alikuwa hajui kwamba hapo nyuma hakuwa analala.

Monique na watoto walibakia kwangu. Majirani wa Muhumba walituambia mwalimu haendi tena shule. Kila siku saa kumi wanamusikia anaita majina, mara tatu, moja baada ya lingine, na sasa hakuna anayejibu. Alikuwa anaita kwa nguvu zaidi. Anaomba. Wiki ya tatu sauti ilibadilika. Jirani mumoja aliniapia kwamba alisikia mutu mwingine anaita ndani ya ile salon, jina moja tu, lile la ubatizo lililotupwa kwenye mukutano. Mara tatu. Na Isidore akaitika, "Niko."

Kesho yake mulango ulikuwa wazi. Nguo zote ziko, kitanda kimetandikwa. Hakuonekana tena.

Ndugu zake walikuja kwangu na maneno. Eti sisi tumemuroga, eti mama yangu muchawi. Niliwauliza kama mama yangu ndiye aliyeogesha karatasi ndani ya chai. Wakaenda. Lakini Monique alikuwa anakonda. Hakujua avae nguo za kilio ao asivae. Watoto walimuuliza baba iko wapi, akawatuma kuchota maji. Mwezi wa ine tangu mume wake apotee, akaniambia anataka kwenda pale barabarani, aone tu. Sikumukataza. Tulienda asubuhi, jua kali, hata wingu moja hakuna.

Kijito kilikuwa pale pale. Mukono wa kushoto, jiwe lilikuwa limerudi.

Lile lile, wanaume kumi na wawili walilolitupa kwenye korongo. Limekaa pahali pake, limezama ndani ya udongo, kuvu la kijani limelifunika mpaka chini, majani marefu yameota kulizunguka. Ungesema halijaguswa tangu dunia iumbwe. Monique alilizunguka. Upande wa barabara hakuona kitu. Upande wa mwamba alisimama, akaniita kwa mukono, bila sauti.

Kulikuwa na maandishi ya chaki. Mvula ilinyesha usiku kucha, jiwe lilikuwa bado linatoka maji, lakini chaki ilikuwa kavu. Herufi nzuri, zimelala upande mumoja, na Monique alizijua kuliko miye. Isidore aliandika vile walimu wote wanavyoandika asubuhi kwenye pembe ya ubao. Kwanza tarehe. Ilikuwa tarehe ya siku ile ile tuliyosimama pale. Chini yake: Absents, yaani wasiofika, 7. Na chini yake tena: Présents, waliofika, 1.

Hesabu hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha ya mwalimu, haikuwa na uongo.